Mwaka wa Upawa

Bi Mwanajuma alifariki mwezi uliopita, hapa hapa Palma, amelala kitandani kwake mwenyewe, jambo ambalo kwa watu wa rika lake na kwa miaka tuliyoipitia ni la kumshukuru Mungu. Watoto wake walinipigia simu mimi kabla ya kumpigia shehe, kwa sababu jiko langu ndilo lenye masufuria ya kulisha matanga. Sikuuliza mengi. Nilimwambia binti yake, "Zikeni kwenu, watu watakula kwangu," nikaenda kushusha sufuria kubwa darini. Wali wa matanga haupikwi kwa machozi. Mwenye kulia na alie akishapakua. Hilo nilifundishwa na marehemu mwenyewe, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, katika jiko la kambi ya barabara karibu na Olumbi, na tangu simu ile ilipokatika mwaka huo haujaniacha. Nimeishi miaka mingine yenye mambo makubwa zaidi, pamoja na ile tuliyokimbia na kurudi. Lakini nikiulizwa wapi nilijifunza kuwa hivi nilivyo, mbishi wa hesabu na mwenye nyumba yangu kwa jina langu, sitaji shule wala sitaji vita. Nataja jiko lile.

Lilikuwa banda refu la mabati, kuta zimeishia kifuani ili moshi upate pa kutokea, na kwa hiyo sisi tuliokuwa ndani tuliona kila kitu na kusikia kila kitu. Upande wa kulia kulikuwa na kontena lenye kiyoyozi. Humo walikula wakubwa, kwa sahani za udongo na glasi. Mbele yetu kulikuwa na banda lenye meza, viti vya plastiki na feni moja iliyogeuza shingo taratibu kama bibi harusi. Hapo walikaa madereva na waendesha mitambo. Upande wa kushoto kulitandazwa turubai juu ya miti minne, na chini yake walikula watu wa koleo na sururu, waliokuwa wengi kuliko wengine wote ukiwajumlisha, wamekalia mikeka au viatu vyao. Sisi wanawake wa jikoni tulikula mwisho, tumesimama, tukikwangua ukoko. Lakini chakula kilikuwa kimoja. Bi Mwanajuma, mkuu wa jiko, hakukubali vinginevyo: upawa mmoja wa chuma uliojaa wali, kwa kila sahani, iwe ya kontena au ya turubai. Wali, maharage, samaki wa kukaanga, na Ijumaa nyama. Aliyetaka kuongezewa alimwambia, "Baba, tumbo halina cheo," na akaendelea na sahani inayofuata.

Nilipenda kazi ile. Wasichana wenzangu walinihurumia kwa moshi na kwa mikono iliyopasuka, na mimi nikawahurumia kwa kukaa nyumbani wakijipaka usoni msiro, ule unga mweupe wa urembo, na kungoja. Nilikuwa na mshahara. Nilikuwa na Veronika, mwenzangu wa kubeba sufuria, mwanamke wa Kimakonde kutoka Mueda, Mkristo, mwenye mdomo mkali na kicheko cha kuwaamsha ndege. Na nilikuwa na Sumail. Sumail aliendesha greda, ule mtambo wenye kisu kirefu tumboni unaosawazisha barabara, na hakuna kijana katika kambi nzima aliyetembea kama yeye. Alikuwa amekwishapeleka posa kwa shangazi yangu. Mama yake alitoa ahadi mbele ya wazee: harusi itafanyika nyumba ikishaezekwa kwa bati, si makuti, kabla ya Ramadhani. Sumail alinipitia kila jioni nyuma ya jiko, akakaa kwenye gogo la kuni, akanieleza chumba kitakuwa wapi na dirisha litatazama wapi, na mimi nikiosha masufuria nilikuwa ninaishi ndani ya nyumba ile tayari.

Mapema mwaka ule wanawake wa jikoni waliingiwa na wasiwasi kwamba tunalipwa kidogo kwa kuwa ni wanawake. Walinituma mimi kuuliza, kwa kuwa nilifika darasa la saba na Kireno changu hakikuwa na aibu. Mkubwa wa kambi alikuwa mtu mpole kutoka kusini. Alinisikiliza, akanijibu bila hasira: hapa hakuna mshahara wa mwanamke wala wa mwanamume, kuna ngazi. Mwosha vyombo yuko ngazi ya kwanza, mtu wa koleo yuko ngazi ya kwanza, na wote wawili wanapata sawasawa, muulize umtakaye. Ilikuwa kweli. Nilirudi jikoni nimenyoosha shingo, nikawapa habari kama niliyeleta zawadi. Veronika alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinua uso.

"Vizuri sana," alisema. "Sasa nitajie mwanamke nmoja wa ngazi ya pili."

Nikafikiri. Ngazi ya pili walikuwa walinzi.

"Ya tatu? Ya nne? Kwenye greda, kwenye kijiko cha kuchimbia, kwenye magari, yuko nani anayevaa kapulana?" Akapuliza makapi. "Ngazi haina mke wala mume, pa, mimi nnakubali. Ila sisi wote tumekaa kidato cha chini, na huko juu sioni sketi hata moja."

Jioni nilimwambia Sumail anifundishe greda. Alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Ansha, mtambo ule unataka mikono!" Nikamuuliza sufuria la wali wa watu mia linataka nini, kucha? Akacheka tena, kwa mapenzi, na mimi nikacheka naye, kwa sababu nilikuwa mchumba na wachumba hucheka. Leo najua kwamba kicheko kile ndicho kilichokuwa mlango, na ulikuwa umefungwa.

Kisha mchele ukapanda bei. Ulipanda Palma, ukapanda Mocímboa, na wenye maduka wakasema ni meli, wengine wakasema ni njia. Watu wa koleo wakaanza kunung'unika, na asubuhi moja wakakaa juu ya koleo zao na hawakunyanyuka mpaka jua likawa kali. Mkubwa wa kambi akatoka akatangaza kwamba kampuni imetenga fungu la nyongeza. Asilimia kumi kwa kila mtu, kuanzia mwezi ujao, ikiwa wafanyakazi watakubali katika mkutano wa Ijumaa. Kumi kwa kila mtu! Watu walipiga makofi, na sisi jikoni tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Hapo ndipo sote tulipokosea kwa pamoja, na sishangai. Sisi ni watu wa pwani. Tukisikia "kwa kila mtu" tunaona sinia moja limewekwa katikati na mikono yote inafika. Kumi yako, kumi yangu, kuna haki gani tena zaidi ya hiyo?

Mchana ule nilikuwa ninapeleka samaki kwenye banda la feni, nikawasikia waendesha mitambo wakihesabu. Mwaka ule kila mtu alikuwa anajenga, na hesabu zote zilifanywa kwa bati. Sumail alikuwa amenipa mgongo. "Nyongeza yangu ni bati mbili na nusu kila mwezi," alisema, akapiga meza. Nilisimama na sahani za samaki mikononi nikafanya hesabu yangu. Mshahara wa Sumail ulikuwa kama wangu mara tano, kila mtu kambini alijua. Basi nyongeza yangu ilikuwa nusu bati. Nilirudi jikoni, nikamwambia Veronika, naye akauliza duka gani linauza nusu bati, maana yeye angependa kuliona. Mtu wa koleo, nusu bati. Mwosha vyombo, nusu bati. Na baada ya nyongeza, ambayo ni sawa kwa wote, mimi na Sumail tungekuwa tumeachana zaidi kuliko jana, ingawa hakuna aliyenipunguzia chochote na hakuna aliyetaja kwamba mimi ni mwanamke.

Ilitokea kwamba siku ile ilikuwa siku ya mchezo wetu. Kila mwezi wanawake wa jikoni tuliweka fungu moja moja, na mmoja akachukua yote, kwa zamu. Bi Mwanajuma alikuwa anakusanya huku akisema kama kawaida yake, "Mkono mmoja, fungu moja." Mimi nikasema, kwa sauti, bila kupanga: je, nyongeza ingegawanywa kama mchezo? Fungu lile lile la kampuni, ila kwa vichwa? Jiko linajua sahani ngapi zinakwenda kontena, ngapi bandani, ngapi chini ya turubai. Hakuna aliyehitaji kutuambia. Tulimwaga maharage mezani tukayapanga mafungumafungu, tukayagawa upya. Ikatoka bati moja kwa kila kichwa, kasoro kidogo. Bati nzima, ya kuuzwa dukani. Bi Mwanajuma aliyakusanya maharage yale yote akayatia kwenye sufuria kwa sababu yalikuwa ya chakula cha kesho.

Jioni nilimweleza Sumail penye gogo la kuni, nikidhani atafurahi. Naye akafanya hesabu, haraka kuliko mimi, kwa vidole. "Wewe utaongezewa nusu bati. Mimi nitapunguziwa moja na nusu. Nyumba ni ngapi? Ni moja. Ansha, unatoa bati nzima kila mwezi kwenye paa lako mwenyewe." Alikuwa sahihi. Nilitafuta kosa katika hesabu ile na sikuliona. Akaendelea kwa upole: "Kwenye mchezo wenu, mwenye mikono miwili si anaweka mara mbili na kuchukua mara mbili? Mimi nimeweka mikono mitano. Kazi yangu ina ufundi." Hapo nikapata pa kushika. Nikamwambia mikono yake mitano imo katika mshahara wake, na mshahara wake hakuna aliyeugusa. "Lakini hii ni ya mchele. Mchele umepanda tumboni mwako mara tano?" Akaniuliza kwa nini ninagombania hela ambayo itakuja kwangu kwa mlango mwingine. Shangazi yangu aliuliza hivyo hivyo nilipofika nyumbani: hela ya mume ni hela yako, mwanangu, ya nini kujitia matatani? Asubuhi nilipeleka swali lile kwa Bi Mwanajuma, ambaye alikuwa ameolewa mara mbili na kuachwa mara mbili. Alijibu huku akigeuza wali. "Hela ya mume ni yako siku anayocheka. Siku akinuna, ni yake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mume ni ndugu wa makaratasi."

Kwa hiyo Alhamisi, siku moja kabla ya mkutano, tulipakua mishahara. Shauri lilikuwa la Bi Mwanajuma na hakumuuliza mtu. Alisimama mbele ya sufuria akasema, "Leo kila mtu atakula cheo chake." Watu wa turubai walipata nusu upawa. Nusu, juu ya sahani kubwa, hata maharage hayakuifunika. Waendesha mitambo walipata pawa mbili na nusu, na wali ukarundikana mpaka Sumail ikabidi aushikilie kwa mkono. Na mkubwa wa kambi, kwa kuwa hatukujua aliyezidi wote amezidi kwa kiasi gani, tulimpelekea sufuria zima. Mimi na Veronika tulilibeba mpaka kontenani, tukaliweka juu ya meza katikati ya glasi, tukafunika vizuri, tukamtakia mlo mwema.

Mambo hayakwenda kama tulivyotarajia. Watu wa koleo hawakuikasirikia kampuni, walitukasirikia sisi. Sahani moja ilirushwa ikagonga ukuta wa jiko. "Nyie wanawake mmelaaniwa? Ntu analima barabara na koleo mnampa chakula cha kuku?" Na kwenye banda la feni, waendesha mitambo walikuwa wanakula. Hilo sikulitegemea kabisa: walishangaa kidogo, wakatazamana, wakaanza kula. Aliyetuokoa hakuwa na nia ya kumwokoa mtu. Alikuwa Mzee Abdala, mjomba wake Sumail, kaka wa mama yake, mtu wa koleo, na mlafi kuliko wote kambini. Kila siku alikuja kwenye ukuta wa jiko kudai ukoko wetu. Alimaliza nusu upawa wake kwa matonge matatu, akainua macho, akaona mlima wa wali mbele ya mpwa wake. Akainuka. Akapita jikoni, akachukua lile sinia la kuchambulia mchele, akaenda nalo mpaka kwenye meza ya Sumail, akaliweka chini sakafuni, akakaa mbele yake.

"Mimina," alisema.

"Mjomba, hapa ni meza ya…"

"Mimina, mwanangu. Nna njaa."

Kwetu, mjomba akikuita kwenye sinia huli peke yako. Hata mtoto asiye na adabu hafanyi hivyo. Sumail alitazama huku na huku, akamimina. Akashuka kitini akakaa chini. Dereva wa lori aliyekuwa jirani yake alimwona baba yake mkwe amesimama ukingoni mwa turubai na sahani tupu, akamwita. Mmoja akafuata, na mwingine. Si wote. Kulikuwa na mmoja wa mbali, asiye na ndugu pale, aliyekula pawa zake mbili na nusu mpaka punje ya mwisho na akacheua. Lakini sakafu ilijaa watu, wa koleo na wa mitambo, mikono ndani ya sinia na makarai na vifuniko vya masufuria, na katika kula wakaanza kuulizana, wewe unaongezewa ngapi, na wewe, na wewe. Mkubwa wa kambi akatoka kontenani na kifuniko cha sufuria mkononi. Akauliza kwa Kireno hii ni nini. Nilifungua mdomo nitafsiri jibu la kiungwana, Veronika akaniwahi, kwa Kireno chake kibovu chenye nguvu.

"Ni mshahara, patrão. Leo tumeupakua tu, watu wauone."

Alituonya kwamba atakayerudia atafukuzwa, na nadhani alikuwa anazuia kicheko, lakini huenda nimeongeza hilo baadaye. Ijumaa baada ya sala watu walikusanyika chini ya turubai. Nilizungumza kwa niaba ya jiko, nimejifunga kapulana mpya, na sauti yangu haikutetemeka. Nilisema fungu ni lile lile, tunaomba ligawanywe kwa vichwa. Mkubwa akajibu kwamba kwa kampuni ni mamoja. Hesabu haibadiliki, mgawane mtakavyo, ila mkubaliane wote, kwa sababu mitambo ikisimama hakuna barabara. Watu wa koleo waliinua mikono kama msitu. Wenye mitambo walikaa wamekunja yao. Msemaji wao alikuwa Sumail. Alisimama, na sote tukamtazama: mjomba wake, wenzake, mimi. Nilijua anafikiria bati, na nilijua ni bati za nani. Akasafisha koo. "Mchele ni mchele," alisema. "Sisi tunakubali. Kwa vichwa." Akainua mkono, na wenzake, kwa manung'uniko, wakainua wa kwao. Sijawahi kumpenda mwanamume kama nilivyompenda Sumail kwa muda ule, na nimewapenda wawili baada yake.

Jumapili mama yake alikuja nyumbani na wanawake wawili. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, nikasikia kila neno. Alimwambia shangazi yangu kwamba mwanawe alikuwa aezeke kabla ya Ramadhani, na sasa haijulikani ataezeka lini. "Mwanamke anayempunguzia mume kabla hajaingia ndani," alisema, "akishaingia atambakizia nini?" Nilichungulia ukutani. Sumail alikuwa nje, kwenye uzio, anachora mchanga kwa ncha ya kiatu. Nilingoja aseme. Mtu aliyesema mbele ya kambi nzima angeweza kusema mbele ya mama yake, hivyo ndivyo nilivyodhani katika umri ule. Aliendelea kuchora. Posa ikarudishwa kwa adabu zote, na wakanywa chai kabla ya kuondoka.

Nililia, sitajisifu kwamba sikulia. Nilienda kazini Jumatatu machozi yananitoka juu ya sufuria, na Bi Mwanajuma akaninyang'anya upawa. "Lia ukishapakua," alisema. "Ukilia sasa wali utakuwa wa chumvi na wanaume watadhani ni kwa ajili yao." Nilipopokea mshahara wa kwanza wenye nyongeza, nilijazia kasoro iliyobaki, nikaagiza bati moja kutoka Mocímboa. Sikuwa na nyumba ya kuiezeka. Niliiweka chini ya kitanda. Mwezi uliofuata nikaagiza nyingine. Shangazi alilalamika kwamba kitanda kinapiga kelele nikigeuka, na mimi nikagundua kwamba ninaipenda kelele ile.

Tangu hapo nimepika katika kambi nyingi, za barabara, za watalii, za wachimbaji wa gesi, na sasa nina jiko langu la kupeleka chakula makazini. Nimewasikia watu wenye tai wakizungumza juu ya mshahara wa mwanamke kama jambo linalokaa peke yake, kama kiti unachoweza kukitoa chumbani. Wanaahidi kwamba mwanamke na mwanamume wa ngazi moja watapata sawa, na wanapigiwa makofi, na mimi huyasikia makofi yale ya kambini. Sawa ni jambo jema na nalitaka. Lakini mimi siku zote nauliza jingine kwanza: aliye juu na aliye chini wameachana kiasi gani? Kwa sababu ukirefusha ngazi, aliye chini anazidi kuwa mbali hata kama hakuna aliyemsukuma, na sote tunajua huko chini wamewekwa akina nani. Fupisha ngazi, na umemsogeza mwanamke bila hata kumtaja, pamoja na mwanamume wa koleo aliyekuwa kando yake siku zote bila kujua. Wala sidanganyi kwamba hilo linatosha. Ngazi fupi haikunipandisha; ilinisogeza karibu tu, na barabara ile iliisha bila mwanamke hata mmoja kugusa usukani wa greda. Mlango wa Sumail na kicheko chake ulikuwa kazi nyingine, na hiyo haimaliziki kwa kugawa wali. Gari langu la chakula linaendeshwa na binti yake Veronika, na mshahara wake hauzidi sana wa mwosha vyombo. Amenilalamikia mara kadhaa. Namsikiliza, namwongezea, na ninamwongezea mwosha vyombo kiasi kile kile.

Siku ya matanga mvua ilinyesha mchana. Wanaume waliokuwa barazani waliingia sebuleni na mikeka yao, na masinia yakafuata. Yalipokwisha kurudi, mtu mmoja alifika amechelewa, ameteremka gari la Mocímboa, ndevu nyeupe, anatembea kwa kuhurumia goti. Nilimjua kabla hajavua kofia. Tukapeana pole. Akanipa habari za mkewe, wajukuu, mjomba Abdala aliyekufa akiwa mzee sana na mwenye njaa bado. Kisha mvua ikaongeza nguvu, mabati yakaunguruma, na Sumail akainua macho juu.

"Ndizo zile za nyongeza?" aliuliza.

"Za upande wa jiko ndizo zile. Nyingine nilinunua mbele ya safari. Zile mbili zilitobolewa wakati wa vita, nikaziba kwa lami."

Alitikisa kichwa. Alitazama paa kwa muda, kama anayehesabu, na huenda alikuwa anahesabu kweli. "Ansha," alisema, "siku ile nilitakiwa niseme neno."

"Ulisema," nilimjibu. "Ijumaa ulisema vizuri sana. Jumapili ndiyo ulinyamaza."

Alicheka kidogo, akajifuta uso, na uso ulikuwa umelowa mvua kwa hiyo sikuangalia sana. Nilichukua sahani. Akaninyooshea mkono wa kuzuia, akasema nimpe kidogo tu, sukari imempata, daktari amemkataza, na umri umekwenda. Nikazamisha upawa kwenye sufuria, nikautoa umejaa, nikausawazisha kwa kidole.

"Nimesema kidogo," alisema.

"Hapa hakuna kidogo wala kingi, Sumail. Ni upawa mmoja."

Akapokea sahani kwa mikono miwili, akakaa chini ya bati zangu, akala wote.